Mfupa Uliopewa Wiki Mbili

Meno ya mbwa hayaumani, walisema wahenga. Wahenga nawaheshimu, lakini walifuga mbwa wachache, na katika mbwa hao hakuna hata mmoja aliyepata kuwa waziri. Mimi nimezaliwa na kukulia nchi hii, na ninachokijua ni kwamba meno ya mbwa yanaumana sana, na yakishakwisha huendelea kuumana kwa ufizi.

Hamjambo, wasikilizaji. Mnayemsikia ni Tunu Mlekwa wa Redio ya Taifa, yule mliyezoea kumsikia kwenye taarifa ya habari mpaka alipopumzishwa kwa ajili ya afya yake, ingawa hakuwa anaumwa. Leo nimerudishwa hewani kwa heshima zote. Nimepewa nafasi nieleze kwa maneno yangu mwenyewe yaliyotokea Siku ya Muwa, kisha niombe radhi. Amri imebandikwa kwenye mlango wa studio, imesainiwa na Waziri wa Vinywa na Kauli, Mheshimiwa Dokole, nayo inasema hivi: "Mtangazaji huyu asitolewe hewani kwa sababu yoyote ile mpaka awe ameomba radhi." Fundi mitambo wetu, kaka Mgaza, ni mtu anayeheshimu amri. Ameisoma, ameirudia, amevuta kiti akakaa. Mheshimiwa Dokole mwenyewe yuko nyuma ya kioo na chupa yake ya maji. Namsalimia. Shikamoo, Mheshimiwa.

Basi nieleze.

Mgeni akija nchini kwetu hushangaa kukuta kiongozi wetu hana taji wala mkuki wala kigoda. Ana muwa. Kila mwaka, mavuno yakiisha, kiongozi hupanda jukwaani pale Uwanja wa Utamu, hupewa muwa mzima, huumenya kwa meno mbele ya umati, hutafuna, hutema makapi na kusema, "Ni mtamu." Watu hupiga makofi, naye hutawala mwaka mwingine. Asili yake ni mzee aliyeianzisha nchi, ambaye alitaka kuonyesha kwamba hana kisu mkononi anaposimama mbele ya watu wake. Sheria aliyoiacha ni fupi kuliko zote tulizonazo: kiongozi atamenya muwa kwa meno yake mwenyewe, akiomba kisu, atashuka akiwa raia, na atakayeumenya muwa huo mpaka mwisho atakaa mahali pake.

Hivyo ndivyo Mtukufu Kinara alivyoingia madarakani. Aliyemtangulia aliuma, akasita, akauliza kwa sauti ya chini kama kuna kisu kidogo. Kinara, aliyekuwa nyuma yake akimshikia mwavuli, aliuweka mwavuli chini, akauchukua muwa, akaumenya kutoka fundo la kwanza hadi la mwisho bila kupumzika. Watu walilia kwa furaha. Alikuwa na meno wakati ule.

Meno hayo, mawili ya mbele ya juu, Mtukufu aliyapoteza akiwa kazini. Ilikuwa katika Mkutano Mkuu wa Kukabiliana na Njaa, wakati wa chakula cha mchana, ambacho siku hiyo kilianza asubuhi. Mtukufu alikuwa akikabiliana na mguu wa mbuzi. Mguu ulishinda. Nilisoma taarifa rasmi mwenyewe: "Mtukufu ameyatoa meno yake mhanga katika vita dhidi ya njaa."

Mama yetu alikuwa anasikiliza nyumbani. Mama hana jino hata moja kinywani. Anasema kila mtoto aliondoka na lake, na yaliyobaki yakaondoka na kodi. Niliporudi jioni alinipokea mlangoni akicheka kwa ufizi.

"Meno mawili tu, Tunu? Mimi yamekwisha yote na sijaitisha mkutano."

*

Msiba wa kwanza ulikuwa wa herufi. Mtukufu alipohutubia taifa baada ya ajali, alisema, "Thitathahau mapenzi mliyonionyetha." Mawaziri wakatazamana. Kesho yake Bungeni kila mmoja alikuwa anasema "Mhethimiwa Thpika". Jioni yake ukaletwa waraka redioni kwamba Kiswahili hicho ndicho cha kizalendo. Mimi nina stashahada ya lugha na utangazaji, niliyoipata kwa jasho na kwa maandazi ya Mama aliyouza mlangoni mwa chuo. Nilisoma taarifa ya habari kwa ulimi ulionyooka. Nikapewa onyo. Nikasoma tena kwa ulimi ulionyooka. Nikapewa taarifa ya hali ya hewa.

Lakini kwa wakubwa maneno hayakutosha. Kusema kama Mtukufu huku una meno yako yote kulionekana ni kumdhihaki. Ndipo mawaziri walipoanza kupanga foleni kwa dada yangu.

Dada yangu wa tumbo moja, Daktari Hidaya, ndiye pekee aliyebaki nchini katika wote waliosomea kupandikiza meno. Wenzake walikwenda makongamano ya nje, na makongamano hayo hayajaisha mpaka leo. Yeye yuko hospitali ya umma, katika chumba chenye kiti kinachoinuka upande mmoja. Vifaa vya kupandikiza alivipata mara moja tu, wakati wa masomo. Tangu hapo kazi yake imekuwa koleo. Kwenye chumba hicho jino likiuma linang'olewa, na lisipouma linasubiriwa liume.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Waziri wa Kilimo, Mheshimiwa Nyangasa, mtu mwenye tabasamu pana na meno kama ya pundamilia. Akakaa kwenye kiti, akaegemea ule upande unaoinuka.

"Ning'oe haya mawili ya mbele, daktari."

"Lakini ni mazima, Mheshimiwa."

"Ndiyo maana yananifedhehetha."

Dada alikataa. Akawakatalia wote, mmoja mmoja, kwa adabu. Wakaenda kwa fundi wa baiskeli aliye nyuma ya Bunge, ambaye hakuwa na maswali. Baada ya juma moja baraza zima la mawaziri lilikuwa na pengo la aina moja, mahali pamoja, na picha yao ya pamoja ilitundikwa shuleni kwa ajili ya somo la uraia.

Naomba mlikumbuke pengo hilo. Nitalirudia.

*

Msiba wa pili ulikuwa ni kalenda. Siku ya Muwa ilikuwa inakaribia, na kiongozi hakuwa na kitu cha kumenyea. Kuiahirisha kulimaanisha kukiri. Dada akaitwa Ikulu. Mimi nikaitwa pia, kwa kuwa redio ilitakiwa kurekodi kicheko cha kwanza cha Mtukufu mwenye meno mapya.

Mwanasheria Mkuu ndiye aliyefungua kikao. Alikuwa ameyachunguza meno ya bandia ya kuvua na akayakataa kikatiba.

"Meno hayo hulala kwenye glathi ya maji," alisema. "Mtukufu akiwa kitandani na meno yake yako kwenye glathi, nani anaitawala nchi uthiku?"

Hakuna aliyejua. Ikaamuliwa kwamba ni lazima meno yapandwe, yaote ndani ya taya la kiongozi, yawe yake mwenyewe kama sheria inavyotaka. Vifaa vikaletwa kwa ndege maalumu, na ndege ikaletwa na msafara. Ndipo wakamgeukia dada, naye akawaeleza kama anavyomweleza mgonjwa yeyote.

"Naingiza skrubu ndogo ya madini ya titani kwenye mfupa wa taya. Kisha mfupa unaachwa uishike, uizunguke, uwe kitu kimoja nayo. Ukishashika, juu yake linawekwa jino la kutafunia. Kazi yangu ni ya asubuhi moja. Kazi ya mfupa ni miezi. Minne, pengine sita."

"Una wiki mbili," alisema Mheshimiwa Dokole.

"Mimi zinanitosha, Mheshimiwa. Hazitoutosha mfupa."

"Mfupa huo ni wa nani?"

"Wa Mtukufu."

"Bathi uko therikalini. Utafanya kazi uthiku na mchana."

"Tayari unafanya kazi usiku na mchana," dada alisema. "Ndiyo hiyo miezi minne."

Mtukufu Kinara alikuwa amekaa kwenye kiti kipya cha meno, kilichopambwa kwa rangi za bendera. Akainua kichwa.

"Daktari, unajua unathema na nani?"

"Najua, Mtukufu. Nasema na mgonjwa wangu. Na mgonjwa wangu sitamdanganya."

Nawaomba wasikilizaji waniamini kwamba nilikuwa hapo, hatua chache kutoka kwenye kiti, na kwamba nina masikio. Dada aliamriwa aanze papo hapo, na skrubu zilipokwisha kuingia, aliweka juu yake meno mawili ya muda, meupe, mazuri, kisha akasema polepole ili kila mtu aelewe: "Haya ni ya kuchekea. Siyo ya kutafunia. Kula uji, kula ndizi ya kupondwa. Muwa usiuguse hata kwenye ndoto." Mtukufu akajitazama kwenye kioo, akacheka. Mimi nikarekodi kicheko, pamoja na maneno ya dada yaliyokitangulia. Baadaye kinasa sauti changu kilichukuliwa kwenda kusafishwa, na kikarudi kisafi kabisa.

Tulipokuwa tunatoka, Mheshimiwa Dokole alimshika dada kiwiko kama anayemsindikiza harusini.

"Jino likicheza thiku ile, daktari, kotha thio la muwa. Ni lako. Thitaka kuthikia habari za mifupa. Itaitwa kuhujumu taya la nchi, na kuna gereza kwa ajili hiyo."

*

Siku ya pili ikatangazwa Amri ya Mfupa. Mfupa wa taya la juu la Mtukufu uliagizwa kushika skrubu zote mbili kabla ya Siku ya Muwa, "bila visingizio vya kibaiolojia". Ikaundwa Tume ya Uangalizi wa Mfupa. Kila asubuhi wajumbe walipanga mstari mbele ya kinywa cha Mtukufu, wakamulika kwa tochi, wakachungulia.

Sasa, mfupa wa taya umefunikwa na ufizi. Hauonekani. Kwa hiyo afisa wa tume, mtu mwaminifu, alimwambia mkubwa wake, "Hatuoni kitu." Mkubwa wake, kwa kutotaka kumsumbua aliye juu yake, akamwambia, "Hatuoni kasoro." Huyo akasema, "Hakuna kasoro." Aliyefuata akauliza hakuna kasoro maana yake asilimia ngapi, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutaja namba ndogo, habari ilipofika kwa Mheshimiwa Dokole mfupa ulikuwa umeshika kwa asilimia tisini. Yeye akaongeza kidogo kama mtu anavyoongeza chumvi.

Nilirudishwa kwenye taarifa ya habari kwa ajili ya kuzisoma asilimia hizo, kwa kuwa waliniambia sauti yangu inaaminika. Siku nilipokuta mia moja na kumi na mbili nilimuuliza mhariri, "Hizi kumi na mbili za ziada zimeshika nini?"

"Soma, Tunu," alisema. "Nina watoto."

Nikasoma. Mtukufu alikuwa anasikiliza, na ndivyo alivyopata habari za taya lake mwenyewe.

Nyumbani dada alikuwa anasukuma chakula kwenye sahani bila kukila. Mama akamtazama.

"Si umwambie asiume?"

"Nimemwambia, Mama. Nimekwenda tena leo, nikaishia getini."

"Ulimwambia kwa lugha gani?"

"Kwa Kiswahili."

"Basi hapo ndipo ulipokosea, mwanangu. Ungemwambia kwa asilimia."

Tulicheka, hata dada. Halafu akaniambia bila kunitazama, "Tunu, wewe ulisikia nilivyosema pale, si ndiyo?"

"Nilisikia, dada."

"Basi." Akasogeza sahani. "Angalau yupo mtu aliyesikia."

*

Nisimdhulumu Mheshimiwa Dokole. Alikuwa na mpango. Yeye hakuziamini zile asilimia hata kidogo, kwa kuwa nyingine alizitengeneza mwenyewe. Akaagiza muwa wa sherehe uchemshwe jikoni Ikulu tangu usiku mpaka ulainike kama muhogo, kisha ganda lipasuliwe na kubandikwa tena kwa asali, ili Mtukufu aufungue kwa midomo tu na umati uone kamenya. Ulikuwa ni muwa uliokwisha kumenywa kabla ya kumenywa. Kwetu mambo mengi hufanywa hivyo, hata uchaguzi.

Ila nyuma ya Mtukufu, siku hiyo, aliyeshika mwavuli alikuwa Mheshimiwa Nyangasa, Waziri wa Kilimo. Na Waziri wa Kilimo ndiye anayekabidhi muwa.

Uwanja ulijaa. Mama alikaa mbele, kwenye viti vya wazee. Dada aliwekwa kando ya jukwaa kati ya askari wawili, "kwa ajili ya huduma ya kwanza". Mimi nilikuwa na kipaza sauti, nikiwatangazia ninyi mliobaki nyumbani. Nyangasa akaweka mwavuli chini ya kwapa, akainama, akatoa muwa kwenye kitambaa cha hariri. Nikamwona Mheshimiwa Dokole akibadilika rangi. Haukuwa ule wa jikoni. Ulikuwa mweusi, mnene kama mkono wa mpiga makasia, wa aina ile ambayo wakulima wetu huipasua kwa shoka.

"Thawadi ya wakulima," Nyangasa alisema, akatabasamu na pengo lake lote.

Mtukufu aliuangalia muwa. Angeweza kukataa. Lakini alikuwa na asilimia mia moja na kumi na mbili. Dada akapaza sauti kutoka kando, "Mtukufu, usi—" na askari mmoja akamziba mdomo. Mtukufu akafungua kinywa, akauma.

Mlisikia wenyewe, maana kipaza sauti kilikuwa karibu. Kwanza ganda liligoma. Kisha kikasikika kitu kidogo sana, kama kifungo kinachokatika kwenye shati. Mtukufu akauondoa muwa kinywani, na meno yake mawili yakabaki kwenye muwa, yamesimama wima, na chini ya kila moja skrubu yake ikimeremeta juani.

Ndipo Mheshimiwa Nyangasa alipoutua mwavuli.

Ninaikumbuka sura yake. Ilikuwa sura ya mtu aliyeisubiri dakika hiyo miaka mingi. Akauchukua muwa kwa mikono miwili, akayapangusa yale meno kwa kiganja yakaanguka, akauinua muwa mbele ya taifa, akauma.

Hakuuma kitu. Alikuwa amesahau.

Akajaribu kwa upande, kwa magego. Akajaribu upande wa pili. Akaugeuza muwa, akaung'ata kama fisi anavyong'ata mfupa, mate yakimtiririka kwenye tai, na muwa ukakaa vilevile. Waziri wa Fedha akamnyang'anya, naye akajaribu. Waziri wa Ulinzi akamnyang'anya Waziri wa Fedha. Wakagombana, wakasukumana, mmoja akamng'ata mwenzake sikio na sikio halikupata hata alama. Kwenye jukwaa lote la serikali, wasikilizaji, hapakuwa na jino la mbele la juu hata moja. Walikuwa wameyaacha kwa fundi wa baiskeli, kwa mapenzi.

Katika umati ule wa watu elfu nyingi, mtu mmoja akaanza kucheka. Alikuwa Mama. Alicheka kwa ufizi wake mtupu, akajipiga mapaja, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwangu, "Jamani! Na mimi si nigombee?"

Mheshimiwa Dokole akaruka mpaka kwangu, akaniwekea karatasi mbele ya macho. Ilikuwa imechapwa tangu jana yake, maana ni mtu wa tahadhari. Ilisema nitangaze kwamba daktari wa Mtukufu, kwa kutumiwa na maadui, alifunga skrubu kwa makusudi zisishike.

Niliitazama. Nikamtazama dada, mkono wa askari ukiwa bado mdomoni mwake. Kisha nikasema kwenye kipaza sauti maneno ambayo ndiyo yameniletea heshima ya leo. Nilisema: "Meno yamedondoka. Daktari alisema mfupa unahitaji miezi. Wao wakaupa wiki mbili. Nilikuwepo, nilisikia."

Kaka Mgaza alizima mitambo. Wakati ule hapakuwa na amri ya kumzuia.

*

Mtukufu Kinara hakushuka jukwaani. Kwa kuwa hakuna aliyemenya, alisema, hakuna aliyeshinda, na hapo hapo akairekebisha sheria kwa kuitamka. Tangu mwaka ujao itakuwa Siku ya Juisi, na kiongozi atakunywa kwa mrija. Mheshimiwa Nyangasa amekuwa balozi katika nchi isiyolima miwa. Mfupa wa taya umeitwa mbele ya Tume mara mbili kujibu shtaka la kukaidi amri, na mara zote mbili umefika, kwa kuwa Mtukufu alikuja nao, lakini umekataa kusema lolote.

Dada yuko mahabusu. Kesi yake inasikilizwa kesho asubuhi. Shtaka ni kwamba hakumwonya mgonjwa, na kwamba aliyapanda meno akijua yatang'oka. Waliokuwepo chumbani siku ile ni Mtukufu, ambaye hakumbuki kitu, Mheshimiwa Dokole, ambaye anakumbuka kingine, Mwanasheria Mkuu, ambaye ndiye mwendesha mashtaka, na mimi.

Ndiyo maana Mheshimiwa Dokole aliniita ofisini kwake, akanimiminia chai, akanisogezea vitumbua.

"Binti yangu," alisema, "radhi ni maneno tu. Utathema hukuthikia vizuri. Utathema hapakuwa na habari ya miezi. Ukitha kuthema hivyo, dada yako atahukumiwa kidogo, kisha Mtukufu atamthamehe, na jioni atakula kwenu."

"Na nisiposema?"

"Unampenda dada yako, au humpendi?"

Nikaomba nimwone kwanza. Wakaniruhusu, wakidhani machozi yatanilainisha. Dada nilimkuta amekaa kwenye benchi, mikono yake imetulia mapajani kama vyombo vilivyooshwa. Akanieleza kwamba wameshamtembelea. Wanataka ampandie Mtukufu meno mengine, kwa kuwa hakuna mwingine anayeweza. Amewaambia ufizi upone kwanza, kisha skrubu, kisha miezi minne, pengine sita. Wakaondoka wamekasirika.

"Wanasema utasamehewa," nikamwambia. "Nikiomba radhi."

"Nisamehewe nini?"

Nikakaa kando yake kwenye benchi.

"Sikiliza, mdogo wangu," alisema. "Ukisema hapakuwa na miezi, basi sikuitaja. Na kama sikuitaja, mimi nimemdhuru mgonjwa kwa mikono yangu. Watanitoa humu, ndiyo, lakini watamtoa mtu mwingine. Nani atafungua kinywa mbele yangu tena? Mimi nitamwambia nani 'hili halitauma'?" Akacheka kwa pua, kama Mama. "Wewe si uliniambia ulisikia?"

"Nilisikia."

"Basi."

Nikarudi kwa Mheshimiwa Dokole, nikamwambia nipo tayari kwenda hewani. Alifurahi mpaka akaiandika amri ile kwa mkono wake mwenyewe, ili mhariri asije akaingiwa na woga akanikatiza kabla ya ile sehemu tamu.

Na hapo ndipo tulipo. Mheshimiwa anapiga kioo kwa kiganja. Anapitisha kidole shingoni, kwamba nikatizwe. Kaka Mgaza anamwonyesha mlango, na kwenye mlango kuna amri, na kwenye amri kuna saini. Mheshimiwa anaisoma upya. Anaisoma kama mtu anayeisoma kwa mara ya kwanza. Kaka Mgaza anamwambia jambo, nadhani anamwambia kwamba yeye ana watoto na hawezi kuvunja amri ya waziri, hata waziri akimwomba. Ili kuifuta inahitajika saini ya Mtukufu, na Mtukufu wakati huu anasikiliza redio, maana ndipo anapopatia habari za taya lake.

Hakimu wa kesho, kama unasikiliza, andika hivi: miezi minne, pengine sita. Muwa usiuguse hata kwenye ndoto. Ilisemwa kwa Kiswahili, kwa sauti, mbele yangu.

Mama, ongeza sauti ya redio, majirani nao wasikie. Ukipika uji, mbakishie dada.

Wasikilizaji wengine, mnaweza kwenda kulala na kuamka, mtanikuta. Ninajua hadithi nyingi za nchi hii na koo langu ni zima. Mfupa uliamriwa, ukatishiwa, ukafikishwa mbele ya Tume, na haukuomba radhi, kwa kuwa haukuwa umekosa. Amri inasema nisitolewe hewani mpaka niombe.

Siombi.